Mama Mkwe Kwenye Kompyuta ya Chama

Kama una mkwe ambaye moyo wako haumtaki, usikae mbele ya kompyuta ambayo na yeye amekaa mbele yake. Hata kama wewe uko nyumbani kwako na yeye yuko ofisini sokoni, na kati yenu kuna mto, kinu cha posho na makanisa mawili, usikae. Phoebe Muhonja alikaa. Aliyelipa ni mtoto wake.

Huyu Phoebe alikuwa mjane wa upande wa Khwisero, mwenye shamba la miwa, ng'ombe mmoja wa maziwa na wasichana wawili. Mkubwa, Mitchel, aliolewa na Cornelius, karani wa chama cha wakulima wa miwa cha Eshimuli. Mdogo, Winrose, alisomea mambo ya kompyuta, na chama hichohicho kikamwandika kazi ya kutunza mashine zake. Wanawake wakikutana na Phoebe kisimani walikuwa wakimwambia, "Mama Mitchel, wewe ofisi nzima ni yako." Naye alikuwa akicheka, maana ilikuwa karibu kuwa kweli.

Sasa, anayelima miwa anajua kwamba kitu kikubwa si kupanda. Kitu kikubwa ni zamu. Miwa ikipitisha wakati wake bila kukatwa inatoa maua, inakauka ndani, na kiwandani wanaipima kama kuni. Kwa hiyo zamu ya nani akatiwe leo na nani angoje ndiyo roho ya mkulima, na katika chama cha Eshimuli zamu hiyo ilikaa ndani ya kompyuta moja kubwa. Wao waliiita kompyuta mama. Meza nyingine zote zilikuwa zinaingia kwake kupitia waya, kama watoto wanaonyonya.

Siku moja wakulima wakagundua kwamba kuna mashamba yameruka foleni. Miwa michanga imekatwa, miwa iliyokomaa imeachwa. Kompyuta ilipoulizwa ni nani aliyebadilisha zamu, ikajibu: Winrose. Na katika yale mashamba yaliyoruka, moja lilikuwa la Phoebe, mama yake. Nani angeuliza tena?

Cornelius alisimama kwenye mkutano, akavua kofia, akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Huyu ni shemeji yangu. Inaniuma. Lakini mimi siwezi kuficha mwizi kwa sababu ni wa nyumbani." Watu wakampigia makofi. Winrose akarudishwa nyumbani, na kule kinuni watoto wakaanza kumwimbia mwizi wa zamu.

Phoebe alijua. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mashamba mengine yote yaliyoruka yalikuwa ya marafiki wa Cornelius, wale wa kwenda naye Malinya kushangilia mafahali wakipigana, na kurudi wamejipaka majivu wakipuliza filimbi. Yeye ndiye aliyewapa zamu. Halafu akachovya na miwa ya mama mkwe humo ndani, makusudi, ili harufu imshike Winrose. Na jina la Winrose alilipata wapi? Alipewa. Baba yao alipokufa, Winrose alikaa matangani na kazi ofisini ikakwama, akamwambia shemeji yake neno la siri, kwamba ingia kwa jina langu, fanya kazi, mimi nazika. Mtoto mwenye moyo mweupe humwamini hata nyoka akishaitwa shemeji.

Winrose alilisema jambo hilo mkutanoni. Cornelius akajibu, "Lile jina nilishaliacha siku ileile uliyotoka matangani. Mimi nina jina langu." Nani angeweza kumpinga? Mtu wa kompyuta alikuwa ndiye mshtakiwa.

Na Phoebe angeenda wapi? Huku kwetu mama mkwe na mkwe hawakai chini ya paa moja. Hawashikani mikono, hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani kana kwamba ameangusha kitu. Neno likitoka kwa huyu kwenda kwa yule ni lazima lipite kwa mtu wa tatu. Tangu Cornelius alipomwoa Mitchel, Phoebe hakuwahi kumwambia hata "habari ya asubuhi" uso kwa uso. Kwa hiyo hasira yake haikuwa na mlango. Alikuwa akimtukana Cornelius akimkamua ng'ombe, mpaka ng'ombe akapunguza maziwa.

"Mungu wa wajane," alikuwa akisema, "mimi siombi mvua. Nipe huyu mtu mkononi mwangu mara moja tu."

Basi ikafika asubuhi moja, simu ya Winrose ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa chama, mzee Barnaba.

"Winrose, msichana wangu. Umeamka?"

"Nimeamka, mzee."

"Hapa kumekufa. Kompyuta mama imekuwa ikimwomba Cornelius airuhusu kuweka mfumo mpya. Kila siku inaomba, kila siku inaomba. Jana akachoka, akabonyeza ndiyo. Sasa imekuwa mpya na sisi wote tumefungiwa nje. Trela zimesimama kutoka hapa mpaka kwa kanisa, wakataji wamelala chini yake. Fundi wa mjini simu yake haipatikani."

Winrose aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji, anasikiliza kila neno.

"Najua tulikuumiza," mzee Barnaba akasema. "Mimi si mtoto. Fungua hii kitu hukohuko kwako kama ulivyokuwa unafanyanga ukiwa mgonjwa. Na kamati ikikaa, nitasema kesi yako isikizwe upya. Nimekula kiapo."

Simu ilipokatika, Phoebe aliweka sufuria chini kwa kishindo.

"Usifungue."

"Mama."

"Nasema usifungue! Waache waoze. Waache miwa yao itoe maua mpaka nyuki wahamie huko. Walikuita mwizi kwa mdomo, sasa wanaomba msaada kwa kutikisa mkia?"

"Mama, nikifungua watanisikiliza."

"Watakusikiliza wakishashiba. Na yule mbwa amekaa hapo kwenye kiti."

"Mama, huyo ni mkwe wako."

"Nimesema mbwa. Mbwa pia huoa."

Winrose alicheka kidogo, akatoa laptopu yake, akaiweka juu ya meza ya sebule, akachomeka modemu ubavuni. Kisha akampigia Jerotich, msichana wa mapokezi ofisini, Mkalenjin mwenye sauti ya kupayuka ambaye ndiye peke yake aliyeendelea kumsalimia baada ya mkutano ule.

"Jero, niambie unaona nini."

"Naona maajabu! Naandika jina langu, naandika neno la siri, inakubali. Skrini inapepesa kama jicho la mlevi, halafu inanirudisha palepale mlangoni. Haisemi nimekosea. Inanirudisha tu. Ni kama kubisha kwa watu, wanakufungulia, wanakuangalia, wanakufungia usoni."

"Ni wote?"

"Wote. Kila meza. Sijui Cornelius, yeye amejifungia kule kwa kompyuta mama na amekataa mtu kuingia. Anasema tunampigia kelele."

Winrose akajaribu kuingia kwa jina lake mwenyewe kutoka nyumbani. Haikumrudisha mlangoni. Ilimpa giza. Skrini nyeusi tii, na mshale mmoja mweupe katikati. Akatoka, akaingia tena. Giza.

"Ajabu," akasema. "Mimi ugonjwa wangu si kama wao."

Akapita njia nyingine, ile ya maandishi matupu isiyohitaji picha. Phoebe aliona herufi nyeupe zikishuka kama siafu. Winrose aliandika, akasoma, akaandika. Mwishowe akapiga kidole mezani.

"Nimepata la wao. Mama, kila mfanyakazi ana chumba chake ndani ya kompyuta, na ufunguo wake. Mfumo mpya ulipoingia, ufunguo wa kila chumba umeandikwa jina la mwenye nyumba. Kwa hiyo mtu anapita lango kubwa vizuri, akifika kwa chumba chake mwenyewe anakuta si chake, anafukuzwa nje. Nitawarudishia funguo zao."

"Wote? Na Cornelius?"

"Yeye nitamwacha mwisho," Winrose akasema, na hapo Phoebe akaona mtoto ni wake kweli.

Baada ya muda mfupi Jerotich akapiga kelele kwenye simu mpaka mbwa akabweka uani. Ameingia. Meza ya pili nayo imeingia. Watu walikuwa wanapiga vigelegele nyuma yake kama arusini.

"Bado kuna kitu kikubwa kinajengwa kule ndani," Winrose akamwambia. "Mfumo haukumaliza kujiweka, nimeuanzisha umalizie. Usikubali mtu azime umeme, Jero. Ukizimwa katikati, kompyuta mama haiamki tena na kila kitu kilichomo kimeenda."

"Sawa, daktari."

Lakini la Winrose mwenyewe lilibaki vilevile. Giza. Akaangalia waya wa mtandao, akaangalia mambo ya skrini, akaangalia kama chumba chake nacho kimenyang'anywa ufunguo. Kilikuwa sawa. Jina lake lilikuwa ndilo jina la msimamizi, hakuna aliyejua kulifuta, na halikuguswa na ule ugonjwa wa wengine. Basi kwa nini giza? Akauliza kompyuta swali moja jepesi: ni nani wako ndani sasa hivi?

Ikamjibu: Jerotich, meza ya mapokezi. Watu wa meza ya pili na ya tatu. Na Winrose, kwenye kiti cha kompyuta mama yenyewe.

Winrose aliondoa mikono kwenye vitufe.

"Nini?" Phoebe akauliza. "Kuna nini? Mbona umekuwa hivyo?"

"Mama, mfumo wa zamani uliruhusu jina moja kukaa mahali pawili. Huu mpya unakataa. Mtu akikaa pale na jina lako, wewe ukija kutoka mbali unapewa giza." Akamwonyesha jina lake kwenye skrini. "Mimi niko ofisini, Mama. Nimekaa kwenye kiti cha kompyuta mama tangu asubuhi."

Phoebe alichukua muda kuelewa. Kisha uso wake ukafunguka kama anga.

"Ni yeye."

"Jina lake lilikuwa linamrudisha nje kama wengine. Langu peke yake ndilo lilikuwa zima. Akaingia nalo. Lile alilosema ameliacha. Alikuwa nalo siku zote."

Phoebe alipiga goti pale sebuleni, akapiga sakafu kwa viganja vyote viwili. "Mungu wa wajane! Hulali! Amekalia mavi yake mwenyewe! Mtoe, msichana wangu, mtoe hapo mkia juu, aanguke mbele ya watu!"

"Hapana. Nikimtoa atakana. Nataka akae hapohapo."

Na hapo Winrose akapanga kisasi chake, cha taratibu, kama mtu anayefunika kuku kwa tenga. Alimwambia Jerotich kwa sauti ya chini, "Jero, nenda kantini kwa mzee Barnaba. Usikimbie. Mwambie aje asimame nyuma ya Cornelius, asome jina lililo kwenye kona ya juu ya skrini. Asiseme neno. Asome tu."

Jerotich akasema, "Mama yangu! Naenda. Natembea kama mke wa pasta."

Ili kuhakikisha Cornelius hatoki kabla mzee hajafika, Winrose akafungua dirisha lingine la kugawana skrini, ambapo anayetazama kutoka mbali anaona kilekile anachoona aliyekaa kitini. Giza likaondoka. Na hapo, katika sebule ya Phoebe, kati ya picha ya marehemu na kalenda ya kanisa, kikatokea kile ambacho Cornelius alikuwa anakitazama wakati uleule. Mshale wake ulikuwa unatembea. Kwenye kona ya juu kumeandikwa Winrose.

Phoebe alirudi nyuma hatua moja, akavuta leso kufunika kichwa. Ndivyo mwili ulivyozoea. Mkwe alikuwa ameingia nyumbani.

"Hawezi kutuona," Winrose akamwambia.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya mzee Barnaba, sauti inakatikakatika, "Jerotich ananiambia... sisikii... jina la nani?" Pale sebuleni mtandao wa simu ulikuwa wa kuja na kupotea, ukipotea mtu hutoka mpaka karibu na lango ndipo asikike.

"Mama, usiguse kitu. Hata kitufe kimoja. Mshale wetu na wake ni mmoja, ukigusa ataona."

"Nitagusa nini mimi? Mimi ni wa darasa la saba."

"Mama."

"Nenda ukaongee na mzee!"

Winrose akatoka akikimbia. Phoebe akabaki na mkwe wake.

Alisimama kwanza. Kisha akaketi ukingoni mwa kiti. Alitazama mshale ukizurura. Cornelius alifungua picha ya fahali, fahali mweusi mwenye pembe zilizopinda, akaitazama weee, akaifunga. Anafuga uvivu na watu wanalala chini ya trela, Phoebe akawaza. Halafu Cornelius akafungua zamu.

Hiyo Phoebe aliijua hata kwa darasa la saba, maana kulikuwa na majina ya watu wote wa kata. Mshale ukashuka polepole, ukapita jina la huyu na la yule. Ukasimama. PHOEBE MUHONJA. Ukalishika jina lake. Ukaanza kuliburuta chini. Likapita majina ya majirani, likapita ya watu waliopanda juzi, likaburutwa mpaka mwisho kabisa wa foleni na kuachwa huko, kama mzoga unavyovutwa kwa kamba mpaka shimoni.

Hebu sema ukweli, wewe mama unayesoma. Ungekaa?

Angekaa, Cornelius angenaswa vizuri zaidi, jina la Winrose juu na dhambi yake mwenyewe chini. Mzee Barnaba alikuwa tayari ametoka kantini. Kilichohitajika ni Phoebe kuikunja mikono tu. Lakini kisasi ni moto wa mabua: hauulizi upepo unaelekea wapi. Miezi yote ile alikosa mlango wa kumfikia huyu mtu, na sasa mlango uko hapo mezani, wazi, na kimstari kidogo kinapepesa kando ya jina lake, kinamwambia, sema.

Phoebe alinyoosha kidole kimoja. Alitafuta herufi moja moja, kama anayeokota mawe kwenye maharagwe.

NAKUONA MKWE

Mshale wa Cornelius ulisimama. Ulisimama kabisa. Na Phoebe akasikia utamu ambao hakuwahi kuusikia tangu azaliwe, utamu wa kumwona adui amekauka. Akaendelea. Vidole vilipata mwendo.

NI MIMI MAMA MITCHEL. MWIZI NI WEWE. ULAANIWE WEWE NA KIZAZI CHAKO CHOTE

Alipoandika neno la mwisho ndipo akalisoma. Kizazi cha Cornelius ni akina nani? Ni watoto wa Mitchel. Ni wale wawili wanaokuja Jumamosi kumwomba ndizi. Alitafuta kitufe cha kufuta, hakukijua ni kipi. Alibonyeza hiki, alibonyeza kile, maneno yakazidi kuwa makubwa.

Kule ofisini Cornelius alipiga yowe. Watu waliacha meza zao, wakasukuma mlango, wakajaa nyuma ya kiti. Na katikati yao akafika mzee Barnaba na Jerotich, waliokuja kusoma kona. Nani alisoma kona? Mle ndani wote walikuwa Waluhya wenye wakwe na mama wakwe, na hata Jerotich kwao kuna laana. Waliona kitu ambacho mtu hakioni mara mbili maishani: mama mkwe anamsemesha mkwe bila mtu katikati, tena anamlaani, tena analaani tumbo la binti yake mwenyewe, na maneno yanakua yakiwa yanatazamwa. Mwanamke mmoja akafunika macho. Mwingine akaanza kukemea kwa jina la Yesu.

"Zima!" mzee Barnaba akapiga kelele, yeye mwenyewe, mwenyekiti. "Zima hiyo kitu kabla haijatushika wote!"

Jerotich akasema, "Mzee, Win amesema umeme..." Lakini Cornelius alikuwa amekwisha kuinama. Aling'oa waya ukutani kwa mikono miwili.

Sebuleni kwa Phoebe skrini ikawa nyeusi. Winrose aliingia anahema, anatabasamu, simu mkononi. "Mzee amefika, Mama, amefika mlang..." Akaona mikono ya mama yake. Akaona giza.

"Umegusa."

"Alikuwa anavuta jina langu..."

"Mama, umegusa."

Kompyuta mama haikuamka tena. Fundi wa mjini alipopatikana aliifuta yote, akaanza upya, na pamoja na uozo akafuta kila kilichoonyesha nani alikaa wapi na jina la nani. Kilichobaki ni kile watu walichoona kwa macho yao: kwamba siku Winrose aliporuhusiwa kuingia, laana ilitoka ndani na mashine ikafa.

Kamati ilikaa kama mzee Barnaba alivyokula kiapo. Phoebe alikwenda, amevaa nguo ya Umoja wa Akina Mama, akiwa na maneno ya kumvua Cornelius nguo mbele ya watu. Akaingia. Na alipoingia tu, Cornelius akainuka, akainamisha kichwa, akatoka nje. Akasimama kwenye jua kando ya ukuta, kofia mkononi, kama desturi inavyotaka.

"Mnaona?" mtu wa kamati akasema kwa sauti ya chini. "Hata baada ya yote yale, mtoto wa watu anaheshimu."

"Mrudisheni ndani!" Phoebe akasema. "Nataka nimwambie kwa uso!"

"Mama Mitchel," mzee Barnaba akajibu, "ulishamwambia kwa uso. Sisi tulikuwepo."

Winrose akauliza jambo moja tu. "Mzee, kwenye kona ya juu kulikuwa na jina gani?"

Mzee Barnaba alimtazama, na ilionekana inamuuma. "Msichana wangu, mimi sikuona kona. Niliona laana." Akamgeukia Jerotich. Jerotich akatazama chini. Naye alikuwa ameona laana.

Ikawa hivyo. Winrose hakurudishiwa kazi, na sasa si mwizi wa zamu peke yake, ni yule aliyeua kompyuta ya wakulima. Ukimuuliza Phoebe usiku ule aliwaza nini, hakuwaza toba. Aliwaza angeandika makubwa zaidi. Lakini Jumamosi ilifika na wale wajukuu wawili hawakuja. Mitchel alituma neno: mtoto mdogo ana homa, na hawezi kukanyaga kwa bibi mpaka laana iondolewe kwa mdomo uleule ulioitoa.

Homa ya mtoto ni kitu kidogo, inapona na dawa ya kituo. Lakini nani atalala akiisikia?

Basi Phoebe akakamata kuku wake mwekundu, yule mnono, ingokho ya wageni, akaenda mpaka boma la Cornelius. Hakuweza kuingia. Alisimama karibu na mgomba, uso umegeuka pembeni. Cornelius alikaa ndani, mlango umesindikwa. Kwa kuwa maneno ya mama mkwe ni lazima yapite kwa mtu wa tatu, na mwenye kukosewa ndiye anayemchagua huyo mtu, Cornelius alikuwa ameshachagua. Hakumchagua Mitchel, wala mzee wa ukoo. Alisema anamtaka shemeji.

Winrose alisimama katikati ya uwanja, kati ya mgomba na mlango, na kuku kwapani.

Phoebe alifungua mdomo. Alimtazama Cornelius kwa moyo wake kupitia ule mlango, akamchoma, akamtwanga, akampepeta. Kisha akatazama dirishani, ambako wajukuu walikuwa wamebandika pua kwenye kioo.

"Sema, Mama," Winrose akasema bila kugeuka.

"Mwambie nimeondoa," Phoebe akasema. "Yote. Mwambie nilikosea."

Winrose akaenda mpaka mlangoni, akaongea kwenye ufa. "Mama anasema ameondoa. Anasema alikosea."

Ndani kikombe kikawekwa juu ya meza. Kisha sauti ya Cornelius ikatoka, ya upole, sauti ileile ya mkutanoni.

"Mwambie mama nimesikia, nimemsamehe. Na wewe, shemeji, asante kwa kutufikishia. Mpe Mitchel huyo kuku."

Winrose aliinama, akamweka kuku kizingitini.